Nimeambiwa niwafundishe wenzangu, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kazi

SWALI

Mshauri, hujambo. Natumaini utanisamehe kwa urefu wa barua hii.

Mimi ni msimamizi wa hosteli ya wasichana katika chuo kikuu kimoja si mbali na Kisumu. Kazi yangu ni funguo, magodoro, taa zilizoungua, vyoo vilivyoziba, na mama wa watu wanaonipigia simu usiku kuniuliza kama mtoto amekula. Naipenda, ingawa mshahara haupendeki.

Mwezi uliopita niliitwa na ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajaripoti, wafanyakazi wote wa hosteli, yaani wasimamizi, wafagizi, askari wa geti na wale wanafunzi wanaowakilisha kila orofa, watakaa siku mbili kufundishwa jinsi ya kuishi na wanafunzi wa kila aina: wa kila kabila na dini, wenye ulemavu, waliotoka mbali, ili pasiwe na anayejihisi mgeni ndani ya hosteli. Nimechaguliwa mimi niongoze kwa sababu nilisomea diploma ya ushauri nasaha jioni baada ya kazi. Barua ya ofisi inasema nitumie mifano halisi kutoka hosteli zetu. Hapo ndipo usingizi ulipopotea.

Mfano halisi ninao, na unamhusu mtu nitakayemwita Mama Rose, ambalo si jina lake.

Mama Rose ni msimamizi mwenzangu, mkubwa wangu kwa umri na kwa kazi. Nilipokuja hapa nikiwa kibarua, mtoto mgongoni, yeye ndiye aliyenipokea. Nililala kwake hadi mshahara wa kwanza ulipoingia. Alinifundisha kumtambua msichana anayelia kwa sababu ya karo na yule anayelia kwa sababu nyingine, kabla hajafungua mdomo. Na kuna jambo ambalo kila mtu kazini analijua: Januari 2008, mji ulipokuwa unaungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi, alimficha jirani yake Mkikuyu pamoja na watoto nyumbani kwake mpaka wakapata njia ya kufika kituo cha polisi. Vijana wa mtaa walitishia kumchomea nyumba. Hakufungua mlango.

Ni yeye huyohuyo ambaye usiku getini huwauliza kitambulisho wasichana wa Kisomali peke yao, na wengine wapite. Jiko letu la pamoja hufungwa saa nne usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ramadhani ikifika na wasichana wakaomba wapashe daku, jibu lake ni kwamba sheria ni sheria. Mzazi akimnong'onezea kwamba hataki mtoto wake alale chumba kimoja na kabila fulani, Mama Rose hubadilisha chumba, tena kwa kutabasamu, akiamini amezuia ugomvi.

Muhula uliopita kulikuwa na msako wa mapairati, wale wanaolala vyumbani bila kupewa kitanda. Alipita kwenye korido akitangaza kwa sauti kama kawaida: kila mmoja atoke na kitambulisho, chumba kisichojibu kinapigwa kufuli. Katika orofa hiyo kuna msichana kiziwi. Wenzake walikuwa darasani, naye alikuwa bafuni. Alipotoka alikuta kufuli mlangoni. Alikaa kwenye ngazi akiwa na leso tu, nywele zina povu, watu wakipanda na kushuka, hadi funguo zilipopatikana. Mama Rose alisema, "Nilitangaza. Kama hasikii, ni mimi nimemziba masikio?" Askari wawili wakacheka. Mimi niliyasikia kwanza kutoka kwa hao askari, wakisimulia kama kichekesho. Tangu siku hiyo wengine wanamwita msichana huyo Bubu.

Jioni moja msichana mwenyewe alikuja kwangu. Aliandika kwenye simu yake, akanionyesha, kisha akafuta. Aliniambia alivyojisikia, na mambo mengine ambayo siyaandiki hapa. Mstari wa mwisho ulisema nisimwambie mtu yeyote. Anafikiria kuhamia vyumba vya kupanga nje ya chuo.

Sasa niambie. Nikiutumia mfano huu, hata nikibadilisha majina, kila mtu ukumbini atajua. Viziwi hosteli yetu wako wawili tu. Nitakuwa nimevunja ahadi kwa msichana na kumwaibisha mama aliyenipa mahali pa kulala, tena mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Mimi ni Mtiriki, yeye Mjaluo, unajua litakalosemwa. Na kiti chake kikibaki wazi, mimi ndiye ninayefuata, kwa hiyo watasema pia kwamba namchimba. Nisipoutumia, nitasimama siku mbili nikisema maneno matamu juu ya usawa, huku wawakilishi wa orofa wanaojua yaliyotokea wakinitazama. Yeye mwenyewe ameshaanza. Juzi kwenye chai aliniambia mbele ya watu, "Haya mwalimu, utatufundisha kupenda watu?"

Mwenye Funguo, Kisumu

JIBU

Dada Mwenye Funguo,

Kwanza nikutoe wasiwasi. Mambo kadhaa katika barua yako nimeyabadilisha kabla ya kuichapa, kwa hiyo hata ikisomwa kwenye chai hiyohiyo, hakuna atakayekuwa na hakika.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo mitatu na umeifunga pamoja: siri ya msichana, deni lako kwa Mama Rose, na kazi uliyopewa na ofisi. Kwa kuwa imefungwa pamoja, unaona njia mbili tu, kutaja au kunyamaza. Naomba tuifungue kwanza, tuone kama kila mmoja una uzito uleule ukiwa peke yake.

Nianze na siri. Yaliyotokea kwenye ngazi hayakuwa siri. Yalitokea mchana, watu wakipanda na kushuka, na askari wameyasimulia kwa kicheko. Siri ni yale aliyokuandikia kwenye simu akafuta: alivyojisikia, na hayo mengine ambayo hata mimi hukuniambia, na umefanya vyema. Kwa hiyo kuna mambo unayoyajua kwa sababu kila mtu anayajua, na kuna mambo unayoyajua kwa sababu alikuamini. Ni rahisi kuyachanganya ukiwa na hasira au huruma, na ukiyachanganya unaweza kujikuta umekaa kimya juu ya yote, au umeyamwaga yote.

Tena, alikuambia usimwambie mtu. Je, alikuambia usifanye lolote? Sijui, na nahisi hata wewe huna hakika. Mtu anayefuta maneno yake mbele yako anaogopa, lakini anayetaka pasifanyike kitu hana haja ya kumwandikia msimamizi wa hosteli. Unaweza kurudi kwake kabla hujapanga chochote. Usimwite ofisini watu wakiona, mtumie ujumbe. Muulize angependa nini kibadilike, nani anaweza kujua, na nini kingemfanya abaki. Usimtafute mwenzake wa chumba awe mkalimani bila yeye kukubali. Njia hii nayo ina hatari yake: huenda akajibu "achana nayo tu", na baada ya hapo utakuwa umefungwa zaidi ya sasa. Au atahisi kwamba wewe mtu mzima unamrudishia mzigo auamue yeye. Mpe nafasi ya kutojibu.

(Jambo hili lenyewe, kwa njia, lingefaa kuwa katika ratiba yako. Wawakilishi wa orofa ni wasichana wa miaka ishirini wanaoletewa siri za mimba, za kujidhuru, za wajomba. Wanahitaji kujua kumwambia mtu mapema, kabla hajaanza kueleza, kwamba maisha yake yakiwa hatarini hawataweza kunyamaza. Wengi hulijua hilo wakati wameshaapa.)

Sasa Mama Rose. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu umeniandikia kama kwamba kuna wanawake wawili, yule wa Januari 2008 na yule wa getini, na unashindwa kuamua ni yupi wa kweli. Mimi naona ni mmoja, na naona lile la kwanza ndilo linalofanya la pili lisionekane machoni pake. Mtu aliyeweka nyumba yake rehani kwa ajili ya jirani wa kabila lingine anajihesabu kuwa mtihani huo ameshaufanya na amepita. Ukimwambia ana ubaguzi, atasikia unamfutia usiku ule. Ndiyo maana anakuuliza kama utamfundisha kupenda watu. Wewe ulisikia dharau. Yawezekana pia kulikuwa na uchungu.

Ila jirani yule alimjua kwa jina. Walichotana maji, labda walikopeshana unga. Wasichana wa Kisomali wanaopita getini usiku hajawahi kukaa nao. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba watu kukutana tu hakutoshi kupunguza chuki. Kunasaidia zaidi wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, wana kazi moja ya kufanya pamoja, na wakubwa wao wanaunga mkono. Geti la usiku halina hata moja kati ya hayo. Mmoja ana funguo, mwingine anaomba kupita.

Hofu yake nayo haikuzuka hewani. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokuwa hosteli alfajiri. Walionusurika waliletwa huku kwetu, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kumalizia masomo. Nani anayelinda hosteli katika nchi hii hakulala akiwaza siku ile? Lakini kitambulisho kinachodaiwa kwa mwenye hijabu peke yake hakimlindi mtu, maana mwenye nia mbaya huvaa apendavyo. Hilo unaweza kumwambia askari yeyote bila kumwita mbaguzi: aulize wote, au asiulize yeyote.

Na lile la kufuli? Kumficha mtu anayekimbizwa kunahitaji moyo. Kukumbuka kwamba chumba fulani hawasikii tangazo hakuhitaji moyo kama huo, kunahitaji daftari. Je, Mama Rose aliwahi kupewa daftari? Msichana alipoomba nafasi aliandika kwamba ni kiziwi, au angalau ofisi iliyompokea ilijua. Mliambiwa? Kuna aliyewaeleza tangazo limfikie vipi? Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, ya kutoitwa kwa namna inayomdhalilisha, na ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine inayomfaa. Jukumu hilo halikuwekwa kwenye koo la mama mmoja anayepiga kelele koridoni. Ofisi inataka mfano halisi kutoka hosteli zenu. Mmoja wa mifano hiyo ni ofisi yenyewe. Simaanishi kwamba Mama Rose hana lake. Kile kicheko, na maneno yaliyokitangulia, hayakutoka ofisini.

Hebu fikiria pia jambo ambalo hukuligusa. Septemba 2024 bweni la shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri liliungua na watoto 21 wakafa. Siku yakipigwa mayowe ya moto hosteli kwenu, nani anapanda hadi chumba cha msichana yule? Nani anamgusa bega? Kama hakuna jina la mtu, basi mafunzo yako yana mahali pa kuanzia ambapo hapamhitaji Mama Rose kusimama kizimbani. Watu ambao hufunga masikio wakisikia usawa na haki husikiliza wakiulizwa habari za moto, na hao askari wawili wamo. Kutoka hapo mnaweza kufika kwenye matangazo ya kawaida: kundi la WhatsApp la orofa, karatasi mlangoni, mwenzake wa chumba aliyekubali kumjulisha, kutokufunga mlango ambao vitu vya mtu vimo ndani. Na kutoka hapo si mbali kufika kwenye daku na ufunguo wa jiko.

Lakini njia hiyo ina kasoro, nisikufiche. Inaponya utaratibu na kuliacha lile jina la Bubu likitembea. Wawakilishi wa orofa wanaweza kuona umezunguka.

Ukitaka kulikaribia zaidi, kuna zoezi ambalo vyuo vingi vya Marekani huwafanyisha wanafunzi wasaidizi wa mabweni kabla ya mwaka kuanza. Wazoefu hujifungia chumbani wakaigiza tukio: wawili wanagombana juu ya sala na muziki, mmoja amerudi amelewa, mwingine analia hataki kusema. Mgeni wa kazi anabisha mlango, anaingia, anashughulikia alichokikuta, kisha wote wanakaa kuzungumza alivyofanya. Kwenu lingefaa sana, hasa mkibadilishana nafasi, askari akawa msichana anayezuiwa getini. Hatari yake unaijua kuliko mimi. Kuna mcheshi mmoja kila ukumbi. Atasimama aigize kwa sauti ya Mama Rose, watu wataanguka kwa kicheko, na utakuwa umemtaja bila kumtaja. Kwa hiyo chagua matukio ambayo hayajatokea kwenu, na uyaandike mwenyewe.

Usiyatarajie makubwa mno mafunzo haya. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev, waliochunguza kampuni za Marekani kwa miaka mingi, walieleza mwaka 2016 kwamba mafunzo ya lazima juu ya ubaguzi mara nyingi huwafanya watu wakasirike na kukaidi. Siku mbili hazitamgeuza mtu wa karibu miaka sitini. Labda zitambadilishia utaratibu wa kufunga milango, na kwa msichana yule hilo si dogo.

Je, uende kwa Mama Rose kabla? Naona unalikwepa swali hili. Katika barua yote hukusema hata mara moja kwamba umewahi kuongea naye juu ya jambo lolote kati ya haya. Inawezekana kabisa sehemu yako inatamani ukumbi umwambie kile ambacho wewe unaogopa kumwambia sebuleni kwake. Ukiamua kwenda, nenda nyumbani, na sukari yako na mkate, kama mtu anayekwenda kwa mama. Zungumza juu ya lile la ngazi ambalo kila mtu alilijua, kwa kadiri ulivyolisikia kwa askari, na umwambie wewe lilikuuma vipi. Ya kwenye simu yabaki kwenye simu. Hata hivyo atakuuliza, "Amekuja kwako kulalamika?" Uwe na jibu ambalo si uongo na halimfichui. Na kama unamjua Mama Rose kuwa mtu wa kulipiza, hata kwa maneno madogo koridoni, basi ziara hiyo inaweza kumgharimu msichana kuliko wewe, na hapo yeye ndiye angepaswa kusema kama uende.

Mwingine angekwambia mpe Mama Rose kipindi aongoze, aeleze walivyoishi wakati ule, vijana wasiojua 2008 wajifunze. Nimelifikiria. Linavutia, na linaweza kumfungua. Pia linaweza kumfanya msichana aliyekaa kwenye ngazi na leso asikie kwamba aliyemkejeli amepewa jukwaa la kufundisha utu. Wewe unawajua wote wawili.

Kuna njia ya ofisi, yaani kuandika malalamiko rasmi. Mwaka wa mwisho wa mtu kazini ni mwaka wa mafaili na pensheni, na naelewa kwa nini kalamu inakuwa nzito. Msichana mwenyewe ana haki ya kulalamika, na kumwonyesha mlango wa kulalamikia si kumsaliti mtu. Kama kufuli litapigwa tena, au jina lile litageuka kusukumwa na kufichiwa vitu, utakuwa unazungumza nami juu ya barua tofauti na hii.

Huhitaji kusimama peke yako mbele ya watu siku hizo mbili. Chuo Kikuu cha Maseno wanafunza walimu wa elimu maalumu. Mumias, na Nyang'oma kule Bondo, kuna shule za viziwi za miaka mingi. Mtu mzima kiziwi akija na mkalimani wake, akawafundisha askari wenu kusema habari za asubuhi, ngoja, maji hayapo, njoo nje haraka, anaweza kufanya kwa saa moja kile ambacho wewe na mimi hatuwezi kwa maneno. Muulize msichana kwanza. Huenda hataki siku iliyojaa macho ya kumtafuta.

Limebaki la kabila na la kiti. Watasema, hata ukinyamaza watasema. Ukiwa na mwenzako wa kuongoza naye, hasa Mjaluo anayeheshimiwa, maneno yatapungua kidogo, ingawa hayatakwisha. Lakini kiti hicho umekitaja mara moja tu na kukimbia. Unakitaka? Kukitaka si kosa, umekifanyia kazi. Ila ujue jibu lako kabla hujabisha kwa Mama Rose na ule mkate, kwa sababu yeye hatakosa kukuuliza.